Mwaka wa Fedha wa Watu, Masika ya Kwetu

Mfyuu! Hivi nani aliyewaambia hawa watu kwamba Machi ni mwezi wa kupiga ngoma uwanjani?

Nauliza kwa sababu nimeishi Dar es Salaam vya kutosha kuujua mwendo wake. Kuanzia Juni mpaka Septemba kusi inavuma, jua lina huruma, viwanja vikavu, jioni unatandika mkeka popote ukaangalia chochote. Miezi hiyo wasanii wa mji huu utawakuta vijiweni wameinamia simu zisizoita, wanadaiwa kodi ya chumba. Ngoja sasa Machi ikolee, mawingu yajikusanye upande wa bahari na lile joto la kuvua shati. Simu zinaanza. Warsha huku, maonyesho ya picha kule, dansi ya kisasa, ushairi wa jukwaani, filamu fupi za vijana, ngoma za asili zilizochanganywa na kinanda cha mgeni kutoka ng'ambo. Natia chumvi kidogo, sikatai. Lakini kwa hizo wiki chache kijana mwenye shati safi anaweza kula sambusa za bure kila jioni bila kurudia ukumbi. Aprili ikiingia, kimya. Utadhani sanaa imepigwa marufuku.

Kijiweni kwetu Magomeni kila mtu alikuwa na sababu yake. Mzee wa kahawa alisema ni mambo ya watalii. Watalii gani wa masika? Fundi viatu akasema ni uchaguzi; kwake kila kitu ni uchaguzi, hata bei ya gundi. Kumbe mwenye jibu tulikuwa tunasalimiana naye kila asubuhi akikimbilia mwendokasi, kitambulisho shingoni: binti aliyekulia mtaa wa pili, sasa ni mratibu wa programu za sanaa kwenye mojawapo ya zile nyumba za utamaduni za nchi za nje. Nyumba gani, sisemi. Ana mkataba wa mwaka mmoja mmoja na watoto wako shule.

"Shikamoo baba," alimwambia mzee wa kahawa, jioni moja aliposimama kununua kashata. "Hakuna mtalii wala uchaguzi. Tunafunga mwaka."

"Marahaba mwanangu. Mwaka unafungwa Machi?"

"Wa kwao, ndiyo."

Hapo nikasonya mpaka fundi viatu akageuka.

Tuwape haki yao kwanza. Hizi nyumba si balozi, ingawa nyuma yake kuna serikali; wala si maduka, ingawa darasa la lugha unalilipia. Wafaransa ndio waliotangulia: Alliance Française ilizaliwa Paris mwaka 1883. Waingereza wakaanzisha British Council mwaka 1934, mafashisti wa Ulaya wakiwa wanajinadi kwa kila mwenye masikio, na mfalme akaipa hati yake mwaka 1940, mabomu yakidondoka London. Goethe-Institut ni ya 1951, Wajerumani wakitafuta namna ya kutazamana na watu usoni tena baada ya Hitler. Wahindi wana baraza lao, ICCR, tangu 1950. Wajapani wakaja na Japan Foundation mwaka 1972. Wachina walichelewa, lakini wakaja kwa kasi: Taasisi ya Confucius ya kwanza 2004, na mwaka uliofuata wakafungua ya kwanza Afrika, pale Chuo Kikuu cha Nairobi. Kila mmoja kwa wakati wake aligundua kwamba mtu aliyekupenda kwa wimbo hata mkikosana kwa siasa atarudi.

Na wanachofanya kwetu si kidogo. Msanii wa hapa anayetaka jukwaa lenye taa, projekta inayowaka na choo chenye maji, bila kulipishwa ukumbi kwa bei ya harusi, ana milango michache ya kugonga, na mingi kati ya hiyo ina bendera ya mtu mwingine. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tumepona mara nyingi. Kwa hiyo anayesubiri nianze kulia ukoloni mamboleo anisamehe, leo sina hamu nao. Na ile methali ya mtegemea cha nduguye msinirushie, naijua tangu darasa la tatu.

Mimi ugomvi wangu ni kalenda.

Mwaka wa fedha wa serikali ya Uingereza unafungwa Machi 31. Wa India vilevile, wa Japani vilevile, wa Kanada vilevile. Wajerumani na Wafaransa wanafunga Desemba 31. Wamarekani Septemba 30. Sasa chukua kalenda nyingine, ile ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, uilaze juu yake. Vuli, Oktoba mpaka Desemba. Masika, Machi mpaka Mei. Umeona? Wa Machi wanamalizia fedha zao masika ikipiga hodi. Wa Desemba wanamalizia zao vuli ikiwa kazini. Mmarekani peke yake ndiye kaangukia kiangazi, na hata yeye hakutuuliza, ni bahati ya Bunge lake. Halafu miaka hii Ramadhani nayo imejisogeza: 2023, 2024, 2025, zote zimegusa Machi. Basi unapokea mwaliko: saa kumi na moja jioni, uwanja wa wazi, vitafunwa vitakuwepo. Umefunga, na mvua inanyesha.

Kwa nini lazima mambo yabanane huko mwishoni, na mwaka una miezi 12? Binti alituchambulia amekaa kwenye ndoo ya rangi iliyopinduliwa, kashata mkononi.

"Bajeti inaanza Aprili, lakini kwenye makaratasi. Makao makuu wanaigawa kwa kanda, kanda wanaigawa kwa nchi, hapo tayari Julai. Agosti wakubwa wako likizo. Septemba inakuja mada ya mwaka. Oktoba tunatangaza wito wa maombi, tunauacha wazi mwezi mzima. Novemba jopo linasoma maandiko. Desemba mikataba inakwenda kwa mwanasheria, mwanasheria anakwenda Krismasi. Januari mikataba inarudi: msanii hana TIN. Februari TIN imepatikana, akaunti ya benki ina jina la mjomba wake. Fedha ya awamu ya kwanza inaingia mwisho wa Februari. Na ripoti yenye risiti zote inatakiwa mezani kabla ya Machi 31."

"Na zisipotumika, dada?" fundi viatu akauliza.

"Zinarudi. Zikirudi, mwakani watasema hamkuzihitaji, watapunguza."

Aka! Yaani msanii anangojeshwa na karatasi miezi kumi na moja, halafu yeye anapewa wiki tatu za kufanya mazoezi, kushona nguo, kupanda jukwaani na kushuka.

Nikaenda kujionea. Ulikuwa uwanja wa nyuma wa ukumbi, turubai juu, viti vya plastiki chini, spika zimevishwa nailoni. Mvua ilikuwa imenyesha tangu adhuhuri ikaacha, hewa nzito, mbu wameshapata habari. Vijana wa ngoma wakapiga mkono mmoja wa kujaribu. Sauti ikatoka bubu, ikafia pale pale. Anayejua ngoma ya ngozi anajua kilichotokea: ngozi ikinywa unyevu inalegea, na dawa yake ni moto. Wakauliza pa kuwasha magazeti. Mlinzi, kwa adabu zote, akawaonyesha bango ukutani: moto wa aina yoyote hauruhusiwi ndani ya eneo hili. Wakatazamana. Kisha nikaona ngoma zinatoka getini mabegani mwa watu, zinavuka barabara, zinakwenda kwa muuza chipsi.

Yule kijana wa chipsi hakuuliza maswali. Alisogeza kikaango, akazipanga ngoma kuzunguka jiko lake la mkaa, ngozi zikitazama moto, akaendelea na chipsi mayai zake. Mgeni wa heshima alikuwa keshaketi. Mratibu wetu, mwavuli mkono huu na simu mkono huu, anavuka barabara kwenda na kurudi: huku anamnong'oneza MC aongeze salamu na itifaki, kule anabonyeza ngozi kwa kidole gumba kuona kama imekaza. Viatu vyake vya ofisini vilikuwa vimejaa tope la Machi. MC akasalimia viongozi wote, akaanza kusalimia na waliokwishastaafu.

Kwenye tangazo la ajira kazi yake imeandikwa vizuri kweli: kubuni na kusimamia programu, kujenga ubia na wadau, kufuatilia na kutathmini. Mambo ya jiko la chipsi hayamo.

Ngoma zilipolia, zililia. Hilo niseme. Mtu mzima mmoja wa kamati ya mapokezi alisahau cheo chake akaingia katikati. Lakini kabla jasho halijakauka, kijana wa chipsi akaja getini kudai elfu tano yake ya mkaa, na hapo ndipo sura ya pili inaanza: risiti.

Fedha ya mradi haitembei bila risiti, na risiti inayoheshimika ni ya mashine ya EFD, hizi zilizoingia nchini mwaka 2010. Sasa fuatana nami Vingunguti machinjioni, alfajiri, kwenda kununua ngozi ya kuwambia ngoma. Ngozi bado mbichi, muuzaji mikono imelowa damu mpaka viwikoni, bei mnapatana mkiwa mmesimama. Mwombe risiti ya mashine. Binti anasema aliyewahi kumwomba alimtazama kwa muda, kisha akamuuliza kama anaumwa. Fundi anayechonga mzinga wa ngoma hana mashine. Bodaboda aliyebeba ngozi hana mashine. Bibi aliyetolewa kijijini aje kuwafundisha vijana nyimbo, huyo hata namba ya NIDA anaisubiri. Kwa hiyo mratibu anatengeneza hati za malipo, anabeba wino wa dole gumba kwenye mkoba, anapiga picha ya muuza ngozi akipokea noti, na muuza ngozi anageuza uso akidhani ni askari.

Tazameni matokeo yake, maana hili ndilo linalonikera kuliko mvua. Nani ana mashine ya risiti? Hoteli anayo. Mchapishaji wa mabango anayo. Mwenye kushona fulana zenye nembo anayo. Kampuni ya kukodisha magari anayo. Basi fedha iliyotoka mbali ikiitwa fedha ya sanaa inafika hapa inatafuta wenye mashine, inatulia kwao. Angalia bajeti ya tamasha lolote la mradi: chakula cha hoteli hakikosi, fulana hazikosi. Ngozi imeandikwa "mengineyo". Mpiga ngoma mwenyewe analipwa baada ya kukatwa kodi ya zuio, asilimia 5, na baada ya kusubiri mpaka ripoti ikubaliwe. Hakuna aliyekaa akapanga kumdhulumu. Mkaguzi anataka karatasi, na karatasi hazikai anakokaa mpiga ngoma.

Mada nazo zina misimu. Mwaka huu tabianchi, mwaka jana wanawake na teknolojia, kabla ya hapo uchumi wa ubunifu, na huko nyuma kabisa ukimwi na demokrasia. Wasanii wetu si wajinga. Kuna kikundi kimoja tunachokifahamu kijiweni, nakificha kwa mapenzi, kina igizo moja tu: mume, mke, na mjomba mlevi. Mwaka wa ukimwi mjomba aligoma kupima. Mwaka wa elimu ya mpiga kura mjomba aliuza shahada yake. Mwaka wa tabianchi mjomba anakata miti na kuchoma mkaa. Mwaka wa ujasiriamali walinitia wasiwasi, lakini mjomba akafungua kilabu cha pombe kwa mkopo wa vikoba. Igizo ni zuri. Lingekuwa zuri zaidi kama mjomba angeachiwa kulewa kwa sababu zake mwenyewe.

Binti akijibu hilo anajitetea, na ana haki. Anasema mada hazipangi yeye, anazipokea. Kazi yake ni kusoma barua pepe ya kurasa sita kutoka makao makuu na kutafuta ndani yake mlango ambao mjomba mlevi anaweza kupita. Mratibu asiye na ujanja huo programu yake inakufa, kwa sababu aliyeandika mada hajawahi kukaa Magomeni, na aliyekaa Magomeni hajui maneno ambayo jopo linapenda kuyasoma. Yeye anakaa katikati, analaumiwa na pande zote mbili. Wasanii wanasema anakula. Wakubwa wanasema anachelewesha. Mtaani tunasema siku hizi anaringa.

Na fomu za tathmini! Tamasha likiisha watu wanagawiwa karatasi. Bibi mmoja aliyekuja kumwangalia mjukuu wake akicheza alisomewa swali: kwa kiwango cha 1 mpaka 5, je, tukio hili limebadilisha mtazamo wako kuhusu nchi yetu? Bibi akauliza, nchi ipi? Wakamtajia. Akasema hana ugomvi nayo. Mwenye kalamu akaduwaa, hajui hiyo ni ngapi.

Habari za visa nitazipitia haraka, presha yangu siiamini. Msanii anaalikwa Ulaya na taasisi ya nchi fulani, anatumiwa barua yenye nembo, kisha anakwenda kwenye dirisha la nchi hiyo hiyo kuthibitisha kwamba atarudi nyumbani. Ada ya visa ya Schengen tangu Juni 2024 ni yuro 90, na ukinyimwa haikurudii. Mkono wa kulia unakuita, mkono wa kushoto unakukagua. Mratibu yuko hapo pia, anaandika barua ya tatu akieleza kwamba kijana wa singeli asiye na hati ya kiwanja bado ana sababu ya kurudi Mburahati.

Singeli yenyewe, mnajua, haikuandikiwa andiko na mtu. Imezaliwa uswahilini, kwenye vigodoro, spika zimepangwa barabarani mpaka alfajiri na majirani hawana la kusema kwa kuwa kesho ni zamu yao. Dunia ilipokuja kuisikia, pale lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipotoa mkusanyiko wa studio ya Sisso mwaka 2017, mziki ulikuwa umeshakua, una wafalme wake na ugomvi wake. Nani alikuwa analipa miaka yote hiyo? Wenye shughuli. Mama anayemtoa mwali, kaka anayeoa.

Mzee wa kahawa hapo akaweka birika chini. Alisema jambo ambalo mimi na shule zangu sikuwa nimeliona. "Nyie mnasema hatujui kuratibu sanaa. Kamati ya harusi ni nini?"

Nikafikiri. Kamati ya harusi ina mwenyekiti, katibu, mweka hazina. Inakusanya ahadi, inafuatilia wadaiwa bila huruma, inaajiri MC, bendi, wapambaji, mpiga picha, wa ngoma na wa matarumbeta. Inagombana kila Jumapili. Na siku inafika, mziki unalia. Lakini angalia mpangilio wake: harusi inaanza na tarehe. Wazee wa pande mbili wanakaa, wanaangalia Ramadhani na Kwaresima, wanaangalia mvua, wanaangalia shangazi wa Mwanza anapata lini likizo, wanataja siku. Kisha fedha inaambiwa iikimbilie siku hiyo, itakavyojua yenyewe. Kwenye mradi fedha ndiyo inayokaa na wazee. Tarehe inatoka ilipo fedha, sisi tunatafutiwa mwavuli.

Wapo waliong'ang'ania tarehe yao. Tamasha la Bagamoyo, la chuo cha sanaa, lilianza mwaka 1982, na kwa miaka mingi watu walijua likija mvua bado ziko mbali. Sauti za Busara, tangu 2004, linakaa Februari, Ngome Kongwe, Unguja: vuli imepita, masika bado, kaskazi inapepea, wageni wamejaa. Hawa nao wamekula fedha za wafadhili, tena nyingi, lakini siku waliitaja wenyewe kwanza. Gharama yake ipo. Mwaka 2016 Februari ilifika na fedha haikufika, Busara halikufanyika. Chuo cha muziki cha nchi za jahazi, DCMA, kilichofunguliwa Unguja mwaka 2002, nacho mwaka 2019 kililia hadharani kwamba wafadhili wakiondoka kitafunga milango. Kwa hiyo sisemi ni rahisi. Nasema waliojipangia tarehe, walipokosa, angalau walijua wamekosa nini.

Na hizi nyumba zenyewe msifikiri zimekaa kwenye mwamba. Denmark walikuwa na kituo chao cha utamaduni na maendeleo kilichosaidia sanaa sehemu nyingi, pamoja na hapa kwetu. Serikali yao ikabana bajeti, kikafungwa. Goethe-Institut mwaka 2023 ilitangaza kufunga vituo 9, Washington, Osaka, Turin na Bordeaux vikiwemo. British Council imebeba mkopo wa karibu pauni milioni 200 iliouchukua serikalini wakati wa Uviko, ikafika mahali pa kuitolea serikali mkusanyiko wake wa sanaa, maelfu ya kazi, deni lishuke. Mratibu wa Magomeni anajua habari hizi kabla ya mawaziri wetu. Mkataba wake unaisha Machi 31, siku moja na bajeti.

Fundi viatu kama kawaida akaleta serikali. "Na sisi je? Kwani sisi hatuna mwaka wa fedha?"

Tunao! Na hapa ndipo nilipocheka mpaka nikamwaga kahawa. Mwaka wetu wa fedha unaanza Julai mosi. Julai! Kusi inavuma, uwanja mkavu, ngozi ya ngoma inalia yenyewe. Ukitafuta dunia nzima kalenda ya bajeti inayofaa ngoma za uwanjani Dar es Salaam, ni ya Hazina yetu. Tulikuwa na Mfuko wa Utamaduni ulioanzishwa 1998, na hata huo Waswidi ndio waliotia fedha. Siku hizi tuna Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, unatoa mikopo. Mkopo ni jambo jema kwa mwenye studio ya kurekodi au duka la nguo za jukwaani. Bibi wa kufundisha nyimbo atakopa arejeshe nini? Na fungu la Julai, kwa mwendo wa mafungu yetu tunavyoyajua, likitangazwa Julai usishangae ukilikuta njiani Machi, linasubiri mvua na wenzake.

Binti alikuwa kimya muda wote huo, anakunja karatasi ya kashata mara nne, mara nane. Kisha akasema kuna njia anayoijaribu. Fedha ya Machi isilipe onyesho. Ilipe mazoezi, ilipe ngozi na mzinga, ilipe bibi na chumba cha kulala bibi, ilipe miezi ya watu kukaa pamoja wakitengeneza kitu. Hizo ni gharama halali, zinafungwa ndani ya mwaka na ripoti inakwenda. Halafu onyesho lenyewe lifanyike Julai au Agosti, kwa kiasi kidogo cha mwaka mpya, ambacho mkurugenzi anaweza kukisaini mwenyewe bila kusubiri kanda. Alimpelekea bosi wake wazo hilo kwa kurasa mbili.

"Akasemaje?"

"Amekubali nusu. Mazoezi ndiyo, lakini Machi lazima kuwe na tukio. Bila tukio hakuna picha, bila picha ripoti haina sura."

Msonyo uliotoka hapo haukuwa wangu peke yangu. Hata mzee wa kahawa, ambaye ni mtu wa swala tano, aliachia mmoja.

Mimi naona nusu hiyo aishike kwa mikono miwili. Hao wasanii ninaowafahamu, ukiwapa miezi minne ya kulipwa wakiwa mazoezini, hata mjomba mlevi anaweza kupata tabia mpya. Picha wapigwe wakiwamba ngoma. Ni picha nzuri kuliko ya mgeni wa heshima akikata utepe, na wakubwa wa ng'ambo, kwa wanavyopenda picha za mikono ikifanya kazi, wataweka ukurasa wa mbele. Nilimwambia hivyo. Akaandika kwenye simu.

Kisha akatuonyesha bajeti ya tukio la mwaka huu, kwa kuwa lipo, Jumamosi ya mwisho wa Machi, uwanja ule ule. Mistari kibao: ukumbi, turubai la ziada, fulana, chakula. Chini kabisa, kwenye vifaa vya kiufundi vya jukwaa, kaandika gunia moja la mkaa. Makao makuu wameupitisha mstari huo bila swali.

"Na risiti ya mkaa, dada?" fundi viatu akamtega.

"Ndicho kilichonileta hapa," akasema. "Nani anamjua muuza mkaa mwenye mashine?"

Tukabishana hadi adhana ya isha. Mzee wa kahawa anasema yupo mmoja Manzese, karibu na daraja, anauza na gesi.